Nani Amekataa? Upatanisho wa Kisarufi na Ujumbe wa Hitilafu katika Barua Pepe

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili, tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 hadi leo, umekuwa kwa sehemu kubwa mjadala wa nomino. Huulizwa kitu fulani kiitweje. Kikishapewa jina, faili hufungwa. Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Z. N. Tumbo-Masabo na H. J. M. Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992 na ambacho wengi wetu tumekitumia darasani, ni kiongozi cha kuunda istilahi, kama jina lake linavyobainisha. Mkabala huo ulifaa pale istilahi zilipokuwa zikiundwa kwa ajili ya vitabu vya kiada. Mwanafunzi wa kemia anahitaji jina la asidi. Sentensi ataipata kwa mwandishi wa kitabu au kwa mwalimu wake.

Kompyuta haina mwalimu kando yake. Yenyewe ndiyo inayosema na mtumiaji, na husema kwa sentensi. Miongoni mwa sentensi hizo, iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayomwarifu mtu kwamba alichokiamuru hakikufanyika. Hapo ndipo mtu anapohitaji lugha yake kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo Kiswahili chetu cha kompyuta kilipo dhaifu kuliko mahali pengine popote. Makala haya yanalichunguza jambo hilo katika eneo moja finyu, nalo ni ujumbe unaotolewa barua pepe inapokataa kuondoka. Hoja yangu ni kwamba udhaifu huo hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na sisi kuyachagua maneno bila kujali upatanisho wa kisarufi, na kuvisahau vitenzi.

Jinsi barua inavyoondoka

Inafaa kwanza kueleza namna barua pepe inavyoondoka katika kompyuta ya mezani au ya mapajani, maana bila hilo hoja ya kiisimu haitashika. Watu wengi hudhani kwamba programu ya barua ni kama sanduku moja la posta, lenye mlango mmoja wa kutia na kutoa. Sivyo. Kupokea na kupeleka ni kazi mbili zenye kanuni mbili, na aghalabu zenye seva mbili. Kupokea hufuata kanuni ya POP au ya IMAP. Hapo mtumiaji huenda kuchukua kilicho chake, na kwa hiyo tangu mwanzo alitakiwa aonyeshe neno la siri, kama vile mtu asivyoweza kufungua sanduku la posta bila ufunguo. Kupeleka hufuata kanuni iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel katika waraka wa RFC 821 wa Agosti 1982. Zama hizo waliounganishwa na mtandao walikuwa wachache wanaojuana, na kanuni haikumtaka mpelekaji athibitishe kuwa yeye ni nani. Seva iliweza kupokea barua ya yeyote na kuifikisha kwa yeyote.

Mazungumzo yenyewe ya SMTP si mageni kwa sikio la mtu wa pwani. Programu hubisha hodi katika mlango wa seva. Seva huitika kwa namba 220, ambayo ndiyo karibu yake. Mgeni hujitaja kwa tamko la HELO, au EHLO kama ilivyo siku hizi. Kisha hutaja barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, ndipo huitoa. Kila hatua seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2, imekubali. Ikiwa 3, inasubiri mgeni aendelee. Ikiwa 4, imekataa kwa wakati huo tu. Ikiwa 5, imekataa, na haitabadili msimamo mpaka mpelekaji abadilishe kitu. Mpango huu wa tarakimu umedumu kwa zaidi ya miaka 40, umri mrefu kuliko wa programu nyingi zinazoutumia.

Ukarimu wa mwaka 1982 haukudumu. Katika miaka ya 1990 wapelekaji wa matangazo yasiyotakiwa waliutumia vibaya, na seva zikaanza kufunga milango. Waraka wa RFC 2476 wa Desemba 1998 uliutenga mlango wa 587 kwa mwenye barua anayeikabidhi kwa seva yake, ukauacha ule wa 25 kwa seva zinaposemezana zenyewe kwa zenyewe. Machi 1999 waraka wa RFC 2554 ukaweka utaratibu wa mpelekaji kujithibitisha. Mlango wa 465 una kisa chake: ulitengwa mwaka 1997, ukaondolewa, kisha ukarejeshwa rasmi na RFC 8314 Januari 2018. Kampuni nyingi za intaneti nazo huuziba mlango wa 25 kwa wateja wa kawaida. Historia hii yote imerundikana katika dirisha moja dogo la mipangilio, ambamo mtumiaji huulizwa mambo manne: jina la seva, namba ya mlango, aina ya usimbaji fiche, na kama seva inataka neno la siri. Akikosea moja tu, barua za kuja zitakuja na za kwenda hazitakwenda.

Kisa cha Kisiwa Panza

Mnamo Novemba 2023 nilikuwa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, kwa kazi ya kukusanya data za lahaja. Katibu wa kikundi kimoja cha ushirika kisiwani humo alinisimulia jambo lililomfika wiki chache kabla, akanionyesha na karatasi iliyohusika. Kikundi kilikuwa kimepewa kompyuta ya mapajani na mfadhili, pamoja na maelekezo yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kwa siku 9 katibu alikuwa akipokea barua za mfadhili zikimtaka apeleke hesabu, na kila alipojibu jibu lilikwama. Barua ya mwisho ilisema kwamba hesabu zisipofika kabla ya mwisho wa mwezi, awamu ya pili ya fedha itakwenda kwa kikundi kingine.

Programu ilikuwa ya Kiingereza. Katibu ni mtu wa makamo ambaye huandika kumbukumbu za vikao kwa Kiswahili ambacho ningefurahi kukiona kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Kiingereza chake ni kile cha skuli, kilichokwisha kufifia. Katika ujumbe aliouona alitambua neno moja, lile la muunganisho, akahukumu kwamba kifurushi cha intaneti kimekwisha. Akanunua kingine, na baadaye kingine tena, kwa fedha ya kikundi. Wanachama walikuwa wameshaanza kuuliza vifurushi hivyo vinakwenda wapi.

Hatimaye akampigia simu fundi kijana aliyeko Chake Chake. Swali la kwanza la fundi lilikuwa hili: "Mzee wangu, imekataa au imenyamaza?" Naye akajibu: "Imeshindwa tu, mwanangu." Ndivyo karatasi ilivyomfundisha, kwani hitilafu zote humo zilikuwa zimefasiriwa kwa maneno mawili, "imeshindwa kutuma". Ikabidi amsomee fundi ujumbe wa Kiingereza herufi kwa herufi.

Swali la fundi yule lina uchambuzi ndani yake kuliko mengi niliyoyasikia katika makongamano yetu. Kunyamaza na kukataa ni hitilafu mbili tofauti. Seva ikinyamaza, hodi haikuitikiwa: ama jina lake limeandikwa vibaya, ama njia ya kuufikia mlango imezibwa. Ikikataa, yumo mtu ndani, amekusikia, na ana sababu. Kisiwa Panza zilikuwapo zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Karatasi ilielekeza mlango wa 25, ambao ulikuwa umezibwa. Alipouandika wa 587 ukimya uliisha na jibu likaja, 530, maana yake mpelekaji ajithibitishe kwanza. Katibu alistaajabu, kwa kuwa neno la siri alikwisha kulitia siku ya kwanza. Kumbe alilitia upande wa kupokea peke yake. Alipolitia na upande wa pili, barua zote zilizokwama ziliondoka.

Kwa nini hakulitia tangu awali, ilhali karatasi ilimwagiza? Hapa ndipo kisa kinapoingia katika taaluma yetu.

"Zinazotoka" wapi?

Karatasi ilisema: kama seva ya barua zinazotoka inahitaji neno la siri, litie hapa. Katibu alielewa kwamba barua zinazotoka ni zile zinazotoka kwa mfadhili. Na kwa kuwa hizo zilikuwa zikimfikia bila taabu, aliona kifungu hicho hakimhusu, akakiruka.

Nasisitiza kwamba alikisoma Kiswahili sawasawa. Kitenzi -toka kwa kawaida huandamana na mahali pa asili: barua zinazotoka Mkoani, wageni wanaotoka Tanga. Mahali hapo pasipotajwa, msikilizaji hupajaza mwenyewe kutokana na hali aliyomo. Mtu anayengojea barua kwa siku 9 hawezi kulaumiwa kwa kupajaza kwa mfadhili. Mfasiri aliliona neno la Kiingereza lenye maana ya kuelekea nje, akalitafutia kitenzi cha kutoka, asitambue kwamba neno lile la Kiingereza limemsimamisha msemaji ndani ya nyumba, na kitenzi chetu hakimsimamishi popote. Kiswahili kina jozi inayomsimamisha, nayo hutumiwa kila siku na anayekata tiketi ya kwenda na kurudi. Barua za kwenda na barua za kuja. Hakuna msemaji atakayezichanganya.

Upatanisho unapopoteza kazi yake

Suala la kutoka na kwenda linaweza kusahihishwa kwa kalamu siku moja. Lililo zito zaidi ni lile la "imeshindwa".

Tunajifunza na kufundisha kwamba kiambishi cha upatanisho wa nafsi ndicho kinachokiwezesha Kiswahili kudondosha kiima bila hasara. Tukisema "kimevunjika, umeanguka, yamemwagika", tayari msikilizaji amekwisha kupunguza sana idadi ya vitu vinavyoweza kuwa vimevunjika, vimeanguka au vimemwagika. Hii ni hazina ambayo Kiingereza hakinayo. Lakini hazina hiyo inategemea vitu vinavyozungumzwa viwe vimetawanyika katika ngeli mbalimbali. Sasa tuwaangalie wahusika wa tukio letu: seva, programu, barua, anwani, akaunti, kompyuta, intaneti, nywila. Wote wako katika ngeli ya I-/ZI-. Maneno ya mkopo huelekea huko kwa wingi, na tumeyaachia yaelekee bila kuuliza gharama yake. Kwa hiyo mtu anapoambiwa "imekataa", kiambishi i- hakimwambii lolote. Ni barua iliyokataa kwenda? Programu? Seva? Akaunti? Upatanisho upo, kisarufi sentensi haina dosari, lakini haufanyi tena kazi iliyoufanya uwepo.

Wafasiri wa programu wana udhuru wao, na ni haki kuutaja. Mara nyingi hupewa tungo zilizokatwakatwa, zenye pengo ambalo kompyuta hulijaza baadaye kwa jina la kitu. Mfasiri hajui kitakachojazwa ni cha ngeli gani. Huweka i- kwa kujihami, na kwa kuwa karibu kila kitu ni cha i-, hakosei mara nyingi. Yaani ulegevu wetu katika kuchagua nomino umehalalisha ulegevu wake katika kuunda sentensi.

Pendekezo langu ni kwamba, tunapochagua istilahi za vitu vitakavyotajwa pamoja katika ujumbe mmoja, tuhakikishe kuwa havikusongamana katika ngeli moja. Katika uwanja huu jambo hilo linawezekana bila kuunda hata neno moja jipya. Mahali anapopokelewa mgeni ni mlango, na mlango ni wa U-/I-. Nywila ina mwenzake aliyeenea zaidi, neno la siri, ambalo ni la LI-/YA-. Jina la mpelekaji ni la LI-/YA- vilevile, lakini neno la siri huwa silo au ndilo, na jina huwa halijulikani au linajulikana, kwa hiyo vitenzi vyao huyatenganisha. Kadhalika mlango na mtandao ni wa ngeli moja, ila mtandao hukatika na mlango hufungwa. Barua na anwani zibaki zilipo.

Inabaki seva. Ndani ya vyumba vya mafundi sina ugomvi nayo. Lakini katika ujumbe anaosomewa mwenye barua, napendekeza seva ya barua za kwenda iitwe tarishi. Neno hili linajulikana katika ofisi za Unguja na Pemba tangu zamani: tarishi ni mtu wa ofisini anayekabidhiwa barua akazifikishe. Kazi ni ileile. Na faida yake kubwa ni upatanisho wa A-/WA-, ambao kati ya wahusika wote niliowataja hakuna mwingine anayeudai. "Amekataa" ni tarishi tu. Hawezi kuwa barua wala programu. "Hajibu" ni tarishi tu. Fundi wa Chake Chake angepata jibu la swali lake katika silabi ya kwanza.

Hata kitenzi -tuma kinaliunga mkono neno hili. Kwa wazee wengi wa visiwani ambao nimewarekodi, anayetumwa hasa ni mtu, barua hupelekwa. "Imeshindwa kutuma" huwajia kama sentensi iliyomkosa mtumwa wake. Mpe tarishi, na sentensi inatengemaa.

Bado na hapana

Nimesema tarakimu ya 4 ni kukataa kwa muda na ya 5 ni kukataa kwa kudumu. Tofauti hii ndiyo yenye manufaa kuliko zote kwa mtumiaji, kwani humwambia kama asubiri au atengeneze. Seva inaweza kujibu 421 kwa kuwa imeelemewa, au 450 kwa kuwa kisanduku cha mpokeaji kinashughulikiwa kwa wakati huo, au 452 kwa kuwa nafasi imepungua. Katika hali hizo kurudia ni busara. RFC 5321 ya Oktoba 2008 inazielekeza seva zenyewe zingoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na zisikate tamaa kwa siku 4 au 5. Lakini anayepewa 550 au 535 anaweza kubonyeza mpaka kidole kimuume.

Ujumbe mwingi wa Kiingereza huieleza tofauti hiyo kwa maneno ya ziada, ukiieleza. Kiswahili kinayo ndani ya kitenzi. Kiambishi -ja- cha ukanushi hakisemi tu kwamba tendo halikutokea. Husema pia kwamba bado linatarajiwa. "Barua haijapokelewa" ni taarifa ya tarakimu 4. "Barua haipokelewi" ni taarifa ya tarakimu 5. Mtoto wa skuli ya msingi anazitofautisha hizi bila kufundishwa, na mama yake humjibu kwa moja au nyingine kila anapouliza habari za chakula. Halafu sisi tukaja tukafasiri zote mbili "haikutumwa", kwa wakati uliopita ambao haufungui mlango wala kuufunga.

Kuna jingine dogo la maumbo. Kwa hali ya 535, ambapo tarishi amepewa jina na neno la siri akaviona havilingani, baadhi ya wenzangu wamependekeza "haikutambui". Umbo hili lina ku- ya mtendwa, "wewe", na irabu ya mwisho -i. Likiandikwa kwa -a, "haikutambua", ku- inageuka kuwa ya ukanushi wa wakati uliopita, na mtendwa anatoweka. Irabu moja tu ndiyo inayobeba tofauti kati ya "haikujui wewe" na "haikujua kitu fulani ambacho hatukutaji". Kwa tarishi tatizo hilo hupungua: "Tarishi hakukubali neno lako la siri." Ametajwa aliyekataa, kimetajwa kilichokataliwa, na -lako inamwonyesha mtumiaji aelekeze wapi mkono wake.

Lakini tusikimbilie kumwambia mtu neno lake silo. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kukubali neno la siri la kawaida linaloletwa na programu za nje kwa akaunti za watu binafsi, na watu waliokuwa hawajabadilisha chochote wakakataliwa kwa neno lilelile walilolitumia kwa miaka. Neno lilikuwa ndilo. Ila halikubaliwi tena. Kielezi tena ndicho kilichokuwa na habari yote, nacho ni neno lililokuwamo katika Kiswahili kabla ya umeme.

Mlango, si bandari

Karatasi ya Kisiwa Panza iliandika "bandari 25". Najua tafsiri hii imeanza kuenea, na kwa kisiwa ambacho huwezi kukifikia ila kwa chombo, mtu angedhani ni tafsiri yenye uenyeji. Haina. Neno la Kiingereza katika matumizi ya kompyuta linarejea katika neno la Kilatini la mlango, si lile la gati. Zaidi ya hilo, bandari ina uzito wake hapa: Mkoani ni bandari, kwingine kwingi watu hushuka dikoni, na hakuna Mpemba atakayeelewa namna pahala pamoja panavyoweza kuwa na bandari zaidi ya 65,000. Nyumba yenye milango mingi anaielewa. Bandari, isitoshe, inaturudisha katika I-/ZI- tulikotoka kukimbia.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza nalitarajia kutoka kwa walioshuhudia hatima ya ngamizi. Tuliunda ngamizi, wenzetu wa Kenya wakawa na tarakilishi, na upande huu kompyuta ikawashinda wote. Seva imekwisha kushika. Kwa nini tuirudie hadithi? Jibu langu ni kwamba mjadala ule ulikuwa wa jina la kitu, na jina la kitu huamuliwa sokoni. Jambo OpenOffice haikuhitajiwa kutushawishi hilo. Ilipotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden mwishoni mwa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na Microsoft ilipotangaza mwaka huohuo nia ya kutoa programu zake kwa Kiswahili, sisi wanaisimu tulibishana juu ya majina, na watumiaji wakaendelea kuita walivyozoea. Sentensi za hitilafu hazimo katika soko hilo. Hazitamkwi na watu. Husomwa tu, na anayezisoma hana nafasi ya kuchagua nyingine. Anayeziandika ndiye mwenye jukumu lote.

Pingamizi la pili ni la kisarufi: mashine haina uhai, itapewaje A-/WA-? Lakini upatanisho wa viumbe hai katika Kiswahili haujapata kuwa suala la pumzi peke yake. Katika hadithi za watoto, jiwe likishasema hupewa a-, na hakuna msikilizaji anayeinua mkono kupinga. Kinachodai a- ni kusema na kutenda kwa hiari ya kisimulizi. Seva ya barua husema. Imekuwa ikisema tangu 1982, kwa tarakimu tatu.

Kazi yenyewe si kubwa. Majibu yaliyoorodheshwa katika RFC 821 ni 21, na hata ukiongeza ya kujithibitisha na yaliyokuja baadaye hayafiki 40. BAKIZA na BAKITA wakiketi na mafundi wawili watatu kwa siku chache, orodha inamalizika, na itawafaa wafasiri wa programu yoyote kwa kuwa namba ni zilezile duniani kote. Ningeomba kwenye kikao hicho awepo pia mtu wa aina ya katibu wa Kisiwa Panza, asomewe kila sentensi na kuulizwa atafanya nini baada ya kuisikia.

Yapo majibu yatakayowashinda. Gumu kuliko yote ni 554, ambalo katika asili yake husema tu kwamba shughuli haikufaulu, bila sababu. Kila seva hulitumia kwa jambo lake: nyingine kwa barua inayoshukiwa, nyingine kwa mpelekaji asiyeruhusiwa. Hapo hakuna upatanisho wala -ja- itakayosaidia, na mfasiri asijaribu kubuni sababu ambayo tarishi hakuitoa. Aandike "Tarishi amekataa, hakusema kwa nini", na namba aiache kwa maandishi makubwa, ili mwenye barua awe na kitu cha kumsomea fundi kwenye simu.